Pikipiki ya Safari Haipimwi kwa Ngurumo

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Mimi niliyekwisha kumpakata mjukuu huyo sina budi kuwaasa walimu wenzangu na wanafunzi wetu ambao, kila likizo inapokaribia, hunijia hapa Kapsoya kuniuliza ni pikipiki gani ifaayo safari ndefu.

Aghalabu huja wakiwa wametekwa na yale mapikipiki ya watalii, yenye injini inayozidi cc 1,000 na uzito wa karibu kilo 250. Siwalaumu. Mwaka 2018 nami nilinunua moja kuukuu, nikafunga safari ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Waelmolo wa huko siku hizi husema Kisamburu, na nilikuwa na miadi na mzee mmoja aliyekumbuka majina ya samaki katika lugha yao ya asili iliyotoweka.

Baada ya Maralal njia ikawa mawe matupu, na kabla ya Baragoi pampu ya mafuta, iendeshwayo kwa umeme, ikazima. Fundi niliyempata alikuwa stadi, ila alitikisa kichwa akasema, "Mwalimu, kitu hiki hata jina lake silijui." Nilingoja kipuri kutoka Nairobi siku tisa, fedha zikaniishia, nikarudi nyumbani juu ya lori. Mwaka uliofuata nilipofika Loiyangalani, mzee alikuwa amefariki, na majina yale amezikwa nayo.

Safari hiyo ya pili nilitumia pikipiki ya cc 150, kama zile za bodaboda. Mnyororo ulinikatikia South Horr. Fundi akaurekebisha kabla chai yangu haijapoa.

Hapa ndipo isimu ilipokutana na safari. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda likihusu baiskeli, na leo limeenea hadi masoko ya mbali. Lilipofika pikipiki, zilifika pia klachi, plagi na kabureta, maneno kwa vipuri vyake. Palipo na jina la kifaa, yamkini kifaa chenyewe kipo, na mtu wa kukifunga yupo.

Nakiri kwamba pikipiki ndogo ina dhiki zake. Ukirudi kutoka Bonde la Kerio kupanda Iten, mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, itagumia na mzigo wako kama punda mgonjwa. Hata hivyo, Ted Simon, Mwingereza aliyeanza kuizunguka dunia mwaka 1973 na kupita humu Kenya, aliendesha Triumph ya cc 500 tu.

Basi, kabla ya kulipa, jiulize: ikianguka, nitaiinua peke yangu? Je, fundi wa soko la mwisho njiani anavijua vipuri vyake kwa majina? Kama sivyo, iache dukani ingurume. Huko uendako kuna mtu anayekungoja, naye hana umri wa kungojea kipuri.