Nyumba na Afya: Moto Hauondoi Risasi Majini

Katika nyumba nyingi za Bujumbura, kazi ya kwanza ya mama alfajiri ni kuteka maji na kuyabandika motoni. Desturi hiyo ni njema, kwani maji yakichemka vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara hufa. Lakini iko sumu isiyouogopa moto, nayo ni metali ya risasi. Askari huijua kwa kuwa ndiyo iliyomo katika risasi za bunduki. Wachache hujua kwamba yaweza kuyeyuka katika maji ya kunywa, isionekane wala isinuke. Maji yakichemka, mvuke huondoka na risasi hubaki sufuriani. Kadiri maji yanavyopungua, ndivyo sumu inavyokolea.

Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwa maana risasi hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Ni sawa na gramu 1 katika lita 100,000. Je, kitu kidogo hivyo hupimwaje?

Hupimwa kwa umeme. Metali iliyoyeyuka majini huwa katika chembe zenye chaji ya umeme, ziitwazo ayoni. Mpimaji hutia asidi kidogo katika maji, kisha huchovya vijiti vya kupitisha umeme. Kijiti kimoja hupewa chaji hasi, nacho huzivuta ayoni za metali zikagandamana juu yake kwa dakika chache. Baadaye volti hubadilishwa polepole, na kila metali hurudi majini kwa zamu yake: kwanza zinki, kisha kadimiamu, kisha risasi, mwisho shaba. Zamu humwambia mpimaji jina la metali. Wingi wa umeme unaopita humwambia kiasi chake. Msingi wa elimu hii uliwekwa mjini Prague mwaka 1922 na Jaroslav Heyrovský, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1959. Siku hizi viko vyombo vya namna hii vinavyobebeka mkononi hadi kisimani au mtoni.

Jambo hili lawahusu wakazi wa Bujumbura hasa. Sehemu kubwa ya maji ya mabomba, yanayogawiwa na REGIDESO, hutoka Ziwa Tanganyika, na Mto Ntahangwa unaokatiza mji humwaga maji yake katika ziwa hilo hilo. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na maji yake hukaa humo karne nyingi kabla ya kutoka. Betri ya gari inayotupwa mtoni leo itawafikia wajukuu.

Basi familia ifanye nini? Iendelee kuchemsha maji, kwa ajili ya vijidudu. Maji yaliyolala bombani usiku kucha yaachwe yatoke kwanza, yawe ya kufulia au ya kudekia, kwani yaweza kuwa yamekula risasi ya mabomba ya zamani na viungio vilivyolehemiwa. Betri kuukuu zisivunjwe uani wanamocheza watoto, wala zisitupwe mferejini. Na pale watu wanapotilia shaka kisima au bomba la kambi, waombe maji yapimwe metali, si vijidudu peke yake.