Mjomba anataka kununua nyumba Keko

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, mnisamehe, mitihani ya majaribio ilinibana. Leo naleta jambo la nyumbani kwetu, ila nadhani linawagusa na nyie, maana hapa DUCE wengi wetu tumepanga uswahilini.

Basi bwana, wiki iliyopita usiku mjomba kanipigia kutoka Naipingo. Kwa wasiopajua, Naipingo ni kata huko Nachingwea, na sisi Wamwera mjomba ndiye mwenye kauli. Shikamoo mjomba, marahaba mpwa wangu, masomo vipi, halafu bila kuzunguka: "Kuna nyumba huko Keko, vyumba sita, milioni 36. Dalali kanitumia picha. Wewe uko huko huko, nenda kaiangalie."

Hela hiyo si yake peke yake. Ni yeye, mama na mama mdogo, korosho na ufuta wa misimu mitatu. Msimu wa 2024 bei ya korosho mnadani ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, kwetu kuna walionunua pikipiki, kuna walioezeka bati, na kuna walioongeza mke (sitaji mtu). Hawa watatu wakakaza. Sasa mnaelewa kwa nini usingizi umepungua.

Hesabu ya mjomba ni hii: chumba elfu 50, vyumba sita laki tatu kwa mwezi, milioni 3 na laki 6 kwa mwaka. Miaka kumi hela imerudi na nyumba bado ipo. Mimi sioni kama ni hesabu ya kijinga. Watu wanaiponda sana uswahilini, halafu wanakimbilia kiwanja cha porini nje ya mji, mtu anamiliki kichaka miaka minane hajaweka hata tofali. Keko chumba hakikai wazi. Mafundi seremala wa pale barabarani, mama ntilie, makuli, sisi tuliokosa hosteli na kuchoka kubebana, wote tunatafuta sehemu ya kutoka kwa miguu asubuhi. Ukipanga pale unalipia nauli ambayo hutaitoa.

Kilichonishtua ni sentensi yake ya mwisho: "Dalali atakuwa anakusanya kodi, ananitumia kwa simu."

Hapo ndipo nilipokumbuka nyumba niliyokaa mwaka wa kwanza. Nyumba ya Kiswahili kama nyingine, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani choo kimoja na bafu la mabati. Tulihesabiana siku moja tukajikuta watu 19. Mwenye nyumba alikuwa mkoani, hatukuwahi kumwona. Kodi ya miezi sita tulimpa dalali, na mwezi mmoja juu wa kwake mwenyewe. Mwezi wa tatu choo kikajaa. Gari la kunyonya lisingeweza kuingia, kichochoro hata mkokoteni haupiti. Dalali akasema atamwambia mwenye nyumba. Mwenye nyumba kwenye simu akasema tuongee na dalali. Wiki tatu hivyo hivyo.

Mvua za Aprili zilipoanza, wapangaji tukachanga elfu tatu tatu, wakaitwa vijana usiku, wakatoboa shimo ukutani na kutapisha. Mimi nilichanga. Mvua ilikuwa kubwa, uchafu wote ukapita uani kwa jirani. Mtoto wa pale aliharisha siku nne. Mama yake alikuja kuomba limao kwetu, nikampa, nikashindwa kumtazama usoni.

Nyumba ninayokaa sasa iko mwendo wa dakika tano kutoka ile. Kodi ni ile ile, choo ni kimoja vile vile. Tofauti ni bibi mwenye nyumba, anaishi chumba cha mbele. Ana makelele kweli, akikukuta umeacha taa ya ukumbini inawaka utajuta kuzaliwa. Lakini ana daftari la LUKU na kila chumba kinajulikana kimechangia lini. Kila mwaka kabla ya masika anawaita watu wa pampu ya mkono wanapunguza choo, na hela inatoka kwenye kodi. Kuna mpangaji ana miaka kumi na moja pale. Kwenye ile nyumba ya kwanza tulikuwa tunahama kila miezi sita ikiisha.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ndio huu: nyumba ya uswahilini inalipa kwa mwenye nyumba anayekaa ndani yake. Anayetaka kula kodi kwa simu, nyumba itamwozea, na kabla haijamwozea yeye itawaumiza wengine.

Kuna wanaoniambia uswahilini huwekezi kwa sababu serikali itakuja na X nyekundu. Hofu hiyo ina msingi. Desemba 2011 mafuriko yaliwatoa watu Bonde la Msimbazi, wengine wakapelekwa Mabwepande, na Desemba 2015 nyumba za bondeni zikabomolewa. Lakini bondeni ni bondeni. Manzese miaka ya 1970 haikuvunjwa, iliingiziwa barabara, maji na mitaro kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ipo mpaka leo. Mwalimu wetu wa Jiografia alitusimulia Jakarta kule Indonesia, mitaa yao iliyobanana wanaita kampung. Tangu 1969 jiji lilianza kuweka njia za zege, mitaro na maji humo humo, watu wakabaki. Mpaka leo wenye nyumba wa huko wanapangisha vyumba kwa wanafunzi, wanaviita kos. Niliposikia nikacheka, nikasema kumbe na wao wana bibi zao wa chumba cha mbele.

Karatasi nazo zipo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua leseni ya makazi, na mradi wake hapa Dar ulianza 2004. Haina nguvu ya hati, ila si sawa na mkono mtupu. (Na kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, maana yake wapangaji ndio tunamlipia mwenye nyumba. Hilo nitaliandikia siku yake.)

Jumamosi nikaenda kuiona. Paa zuri, iko juu, ukutani hakuna alama ya maji, bajaji inafika mlangoni. Nikamuuliza muuzaji nyumba ilikuwa ya nani. Ya marehemu baba. Mko wangapi? Wanne, lakini wenzangu wamekubali. Barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani? Akaniangalia kama nimemtukana. Dalali akadakia kwamba mjumbe atashuhudia, inatosha. Haitoshi! Siku ndugu watatu wakija na wakili, mjumbe hatarudisha korosho za mama yangu.

Nikampigia mjomba nikamwambia mambo mawili. Barua kwanza, hela baadaye. Na pili, mmoja wenu ahamie, mama mdogo kwa mfano, watoto wake wameshakuwa, na vitumbua anavyouza Naipingo vitauzwa hata barazani Keko.

Mjomba akacheka sana. "Na wewe utakaa bure, ndiyo maana unaitetea."

Ni kweli, nitakaa bure. Sikumkatalia. Nikamwambia bila barua hata hicho chumba cha bure sikitaki, akanyamaza kidogo, akasema wataongea.

Sijui wameongea nini. Ila jana mama mdogo kanipigia kwa siri, anauliza kopo la mkaa Keko ni shilingi ngapi.