"Mfumo umegoma": Muulize karani, umegoma au umefungwa?

Jumamosi moja tulikuwa Mbagala Rangi Tatu, kwenye duka la jumla la pembejeo. Mbele yetu alisimama mzee kutoka Kisiju, wilayani Mkuranga, aliyefuata mifuko minne ya mbolea. Hela alishailipa kwa simu jana yake. Binti wa kaunta akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.

"Baba, mfumo umegoma. Labda urudi Jumatatu."

"Mwanangu, si umesema hela imeingia?"

"Imeingia, baba. Ila mfumo unakataa."

Kurudi Jumatatu ni nauli nyingine ya kwenda na kurudi, na siku ya shamba imekwenda wakati mvua zimeshaanza. Tukachungulia kioo cha kompyuta (watatusamehe kwa umbea). Mtandao ulikuwepo. Ujumbe ulisema rekodi ile inatumika na mtumiaji mwingine, na jina lake limeandikwa hapo hapo.

Msikilizaji, hayo ni mambo mawili tofauti. Programu kubwa za biashara, kama SAP ya Ujerumani, zinaweka stoo, mauzo na madeni mahali pamoja, na makarani wengi wanazitumia kwa wakati mmoja. Tuseme stoo imebaki mifuko kumi. Karani wa mbele anaona kumi, wa nyuma anaona kumi, na kila mmoja anauza minane. Jioni wateja wanagombana. Ili hilo lisitokee, karani wa kwanza akifungua rekodi ili aibadilishe, programu inaitia komeo. Wa pili anasubiri. Wa kwanza akihifadhi kazi yake na kutoka, komeo linafunguka lenyewe.

Shida huja pale wa kwanza asipotoka. Ameacha ukurasa wazi, ameenda kula. Au umeme umekatika, kompyuta yake imezimika ghafla, na komeo limebaki kwenye seva, ile kompyuta kuu inayotunza taarifa zote. Ndiyo maana kuzima na kuwasha kompyuta ya kaunta mara nyingi hakusaidii, ingawa ndilo jambo la kwanza kila mtu hufanya.

Tiba yake ni fupi. Karani asome jina lililoandikwa, ampigie mwenzake simu, amwambie ahifadhi na atoke. Kama huyo hayupo na mashine yake imezimwa, msimamizi wa mfumo anafungua orodha ya makomeo, anaangalia ni la nani na limekaa tangu saa ngapi, kisha analiondoa hilo moja. Lazima kwanza ahakikishe hakuna kazi inayoendelea. Akiliondoa mtu akiwa katikati ya kuandika, ile hesabu ya mifuko kumi inaharibika.

Kuna maduka makarani wote wanaingia kwa jina na nywila ya bosi. Hapo jina kwenye komeo halisaidii kitu, maana linaonyesha bosi ameshikilia rekodi wakati bosi yuko msibani Kibiti.

Si kila kukataliwa ni komeo la namna hii. Mei 2021 mfumo wa LUKU wa TANESCO ulipopata hitilafu, wateja walishindwa kununua umeme kwa simu kwa siku kadhaa, wakapanga foleni kwenye ofisi za shirika. Ule ulikuwa mfumo mzima. Mara nyingine rekodi imefungwa kwa makusudi: mteja ana deni, au hesabu za mwezi zimeshafungwa. Hapo fundi hana la kufanya, anayeamua ni mhasibu au meneja.

Tunalisema hili sasa kwa sababu maisha ya kijijini yameingia kwenye mifumo. Malipo mengi ya Serikali yanapita GePG, iliyoanza 2017. Tangu msimu wa 2022/2023, mkulima asiyesajiliwa kwenye mfumo hapati mbolea ya ruzuku. Neno "mfumo" limekuwa jibu la kila dirisha, na mwananchi hana la kuuliza baada yake. Kwa maoni yetu, tatizo kubwa haliko kwenye kompyuta. Ofisi na maduka mengi yanafungua Jumamosi bila kuacha zamu mtu mwenye ruhusa ya kuondoa komeo.

Kwa hiyo ukiambiwa umegoma, uliza kwa upole: "Dada, kioo kimeandika nini? Ni mtandao, au kuna mtu ameshika rekodi yangu? Nani anaweza kuifungua?" Omba pia uandikiwe namba ya muamala wako na jina la aliyekuhudumia kabla hujaondoka.

Mzee wa Kisiju aliuliza hivyo hivyo, tukimsaidia kidogo. Kumbe aliyeshika rekodi alikuwa mtunza stoo, hatua ishirini kutoka pale, akila wali chini ya mwembe na kompyuta yake iko wazi. Mbolea ilipakiwa saa kumi, akawahi gari la mwisho.