UKITOA SAUTI YA DARSA KWENYE VIDEO, ITOE NZIMA



Ndugu yangu Muislamu, katika kabati la msikiti wenu, au chini ya kitanda cha yule kijana aliyekuwa akirekodi darsa, kuna sauti za masheikh ambao leo wako makaburini, Allah awarehemu. Zimo kwenye kaseti ndogo za kamera na kwenye memori kadi. Wewe mwenye kompyuta unaweza kuzitoa zikasikilizwa na dereva njiani, na mama jikoni, na ndugu yetu asiyeona.

Saa moja ya kaseti ya MiniDV ikiingizwa kwenye kompyuta ni kama GB 13. Nani ana bando la hivyo? Sauti ya darsa hiyo hiyo, ukiiweka MP3 ya kbps 64, haifiki MB 30.

Kuitoa si kazi kubwa. Programu ya ffmpeg ni ya bure. Unaiambia iache picha, inakili sauti kama ilivyo:

ffmpeg -i darsa.MTS -vn -c:a copy darsa.ac3

Kamera nyingi za AVCHD huhifadhi sauti kwa mfumo wa AC-3, na simu nyingi haziufungui. Basi hiyo iweke akiba, kisha tengeneza nakala ya MP3 ya kutuma. Na ujue kamera hizi hukata rekodi ndefu vipande vipande, faili likifika GB 2 au 4 linaanza jingine. Unganisha vipande kwanza ndipo utoe sauti, la sivyo maneno yanaweza kumezwa pale kwenye maungio. Picha yenyewe usiifute. Siku moja atakuja mjukuu wa sheikh, hataki darsa, anataka kuuona uso wa babu yake tu.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Miaka ya nyuma nilitoa sauti ya darsa ya talaka ya mwalimu wangu mmoja. Aliulizwa kuhusu mtu aliyetamka talaka tatu kwa mkupuo. Kama ada yake, alianza na kauli ya Ibn Taymiyya na waliomfuata, kwamba inahesabika moja, akaeleza hoja zao vizuri sana. Kisha akasema yeye anafuata jumhuri ya wanazuoni, kwamba ni tatu. Mimi nikaona dakika saba ni nyingi. Nikakata dakika mbili za mwanzo nikazirusha kwenye magrupu. Baada ya siku chache akanipigia mtu nisiyemjua: "Sheikh, nimesikia fatwa, nimemrejea mke wangu." Wallahi, sikulala.

Sauti ilikuwa ya mwalimu kweli, na maneno alitamka yeye. Uongo ulikuwa kwenye mkasi wangu. Mnaijua Suratul Maa'un: ukisimama mwisho wa aya ya 4 usiendelee na ya 5, utadhani wanaolaumiwa ni wenye kuswali! Kwenye video angalau mtazamaji anaweza kuona sheikh bado ameinua kidole, bado ana neno. Kwenye sauti tupu hakuna dalili hiyo, ikikatika msikilizaji anadhani yamekwisha.

Utaniambia, "Sheikh, watu wa leo hawasikilizi saa nzima." Sawa. Toa swali moja na jibu lake mpaka mwisho, na faili zima liwepo mahali mtu anaweza kulifikia. Andika kwenye jina la faili sheikh ni nani, kitabu gani, msikiti gani, tarehe ngapi. Hizi "mawaidha mazito 3" zisizo na mwenyewe tumezichoka. Na hizo kasida mnazotandika chini ya sauti ya mzee wa watu, nani kawaomba?

Jambo jingine, sikiliza mpaka mwisho kabla hujarusha. Baada ya darsa watu hubaki kuuliza, na kinasa sauti bado kinafanya kazi. Utamsikia dada akieleza ya chumbani kwake, na mtaa mzima unaijua sauti yake. Hapo kata bila kuniuliza.

Kaseti zile zinaharibika, na kamera za kuzichezea zinazidi kuadimika. Ijumaa hii, baada ya swala, muulizeni imamu wenu ufunguo wa kabati uko kwa nani. Na familia ya sheikh iombeni idhini kabla hamjaanza.

Wabillaahi tawfiiq.