Akiba ya mayai: kipimo kinachouzia akina dada hofu

Haya wadau, poleni na UE, na kwa wale ambao bumu bado halijaingia poleni mara mbili. Leo siji na madesa wala umbea wa bweni. Nina dukuduku langu moja, nimekaa nalo wiki mbili sasa, nikaona nikizidi kulimeza litanikaba. Linahusu hiki kipimo cha homoni ambacho kila nikifungua simu nakutana na tangazo lake, linakwambia upime akiba yako ya mayai mapema usije ukajuta uzeeni.

Msimamo wangu nautoa kabisa hapa mwanzo ili asiyependa maneno marefu aondoke nao: msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye afya yake, ambaye hata hajaanza kutafuta mtoto, hana sababu ya kupeleka bumu lake kwenye kipimo hicho. Na anayemuuzia bila kumuuliza maswali yoyote, anamuuzia hofu.

Sasa tuelewane kwanza kinapima nini. Mimi nasoma ualimu wa sayansi, Baiolojia na Kemia, hapa SUA kampasi ya Solomon Mahlangu, Mazimbu, kwa hiyo nivumilieni nijifanye niko TP. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote, kama milioni 1 hadi 2. Akifika kubalehe yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Katika maisha yake yote yatakayopevuka na kutoka ni kama 400 hadi 500 tu, mengine yote yanapotea yenyewe kidogo kidogo, uwe umeolewa hujaolewa, unameza vidonge humezi. Vile vifuko vidogo vinavyolea mayai yanayojiandaa kukua ndivyo vinavyotoa homoni inayoitwa kwa kifupi AMH. Vifuko vikiwa vingi homoni inakuwa juu, vikipungua nayo inashuka. Damu yake inaweza kuchukuliwa siku yoyote ya mzunguko. Kuna na ile nyingine, FSH, ambayo kwa kawaida hupimwa siku ya 2 hadi ya 4 ya hedhi pamoja na estradioli, halafu kuna ultrasaundi ya kuhesabu vifuko vyenyewe.

Mpaka hapo hakuna ubaya, ni sayansi safi. Tatizo linaanzia kwenye tafsiri.

AMH inakupa makisio ya idadi. Haikwambii ubora. Wenzetu wa kilimo watanielewa haraka: ukihesabu magunia ya mahindi ghalani umejua una magunia mangapi, lakini mpaka ufungue ndipo ujue dumuzi kaingia au hajaingia. Ubora wa yai unaendeshwa zaidi na umri. Dada wa miaka 24 mwenye AMH ya chini bado ana mayai ya miaka 24, na dada wa miaka 43 mwenye AMH nzuri ana mayai ya miaka 43. Na ili upate mimba mwezi huu unahitaji yai moja tu zima, huhitaji ghala lote.

Na haya siyatoi kichwani. Mwaka 2017 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa Anne Steiner na wenzake, waliowafuatilia wanawake 750 wa miaka 30 hadi 44 ambao hawakuwa na historia ya ugumba na ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kutafuta mtoto. Wale wenye AMH ya chini, yaani chini ya nanogramu 0.7 kwa mililita, hawakuonekana kuwa na nafasi ndogo ya kushika mimba ndani ya mizunguko 6 wala 12 kuliko wenzao. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa akina mama cha huko huko, ACOG, kikatoa tamko kwamba AMH isitumike kumshauri mwanamke ambaye hana tatizo la kupata mtoto kuhusu uwezo wake wa kuzaa. Jamani, wao wenye mashine kila kona wanasema hivyo, sisi huku tunaambiwa kwenye simu tuwahi ofa!

Kwanini nimeshikwa na hasira kiasi hiki? Kuna dada mmoja tunayefahamiana hapa kampasi, ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Alikwenda kupima sehemu moja, simo kwenye kuitaja, akapewa karatasi imeandikwa 1.1. Hakuna aliyekaa naye kumweleza, zaidi ya kuambiwa kwa umri wake ni ndogo na afanye haraka. Akarudi bweni akafungua mtandao, akakuta jedwali linalosema chini ya 5 ni hatari, akalia usiku kucha. Kesho yake anazungumzia kuahirisha mwaka azae kwanza, na jamaa mwenyewe hata kujitambulisha kwao hajajitambulisha.

Nilipoiona ile karatasi nikaona mambo mawili. La kwanza, yeye kapimwa kwa nanogramu kwa mililita, na lile jedwali lilikuwa la pikomoli kwa lita. Nanogramu 1 ni kama pikomoli 7.14. Kwa hiyo 1.1 yake ilikuwa karibu 8 kwa hesabu ya lile jedwali. La pili ndilo kubwa zaidi, alikuwa anatumia vidonge vya uzazi wa mpango kwa zaidi ya mwaka. Vidonge vya homoni vinaweza kuishusha AMH kwa muda, ukiacha baada ya miezi inapanda tena. Swali hilo hakuulizwa na mtu! Mtu anataka kutupa mwaka wa masomo kwa ajili ya namba ambayo hata haijasomwa sawasawa. (Wanaotumia vidonge msikimbilie kuviacha kwa sababu yangu, akiba yenu havijaimaliza, ni homoni tu imelala.)

Na kuna upande wa pili ambao watu hawausemi. Kuna anayepata namba kubwa akafurahi, kumbe AMH ya juu sana inaweza kuwa dalili ya ule ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, ambao hedhi inaruka miezi na mimba inasumbua. Namba kubwa nayo siyo cheti cha kuzaa.

Sisemi kipimo ni bure. Kina kazi yake. Wanaotaka kupandikizwa mimba, daktari anakitumia kukadiria ovari zitaitikiaje dawa. Anayekwenda kuanza dawa za saratani, aliyefanyiwa upasuaji wa ovari, ambaye hedhi imekatika kabla ya miaka 40 au ambaye mama yake ilimkatikia mapema, huyo azungumze na daktari. Na walioko kwenye ndoa, utaratibu unaojulikana ni huu: kama uko chini ya miaka 35 na mmetafuta mwaka mzima bila kinga hakuna kitu, nendeni hospitali. Ukiwa na 35 kwenda juu msisubiri zaidi ya miezi sita. Nimesema nendeni, wawili.

Hapo kwenye wawili ndipo penyewe. Kaka zangu mnaosoma hapa, msijifanye hayawahusu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia ugumba katika maisha yake, na hilo ni kwa wanaume na wanawake. Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi kuliko vingi anavyopitishwa mwanamke, lakini utakuta dada kazungushwa hospitali tatu, kwa mganga mara mbili, na mume hata kikopo hajashika.

Halafu huku kwetu Afrika chanzo kikubwa kinachojulikana miaka mingi ni mirija ya uzazi kuziba kwa sababu ya maambukizi: klamidia, kisonono, mimba zilizotolewa vichochoroni, maambukizi baada ya kujifungua. AMH haikwambii chochote kuhusu mirija. Unaweza ukawa na namba ya kujivunia na mirija imeziba yote miwili. Na klamidia kwa mwanamke mara nyingi haina dalili, inakula kimya kimya. Kwa hiyo kama una hela ya kulinda uzazi wako, kondomu, kupima magonjwa ya zinaa na kutibiwa pamoja na mwenzio ndiyo akiba yenyewe.

Najua kuna atakayesema, dada acha hizo, mtu ana haki ya kujua mwili wake. Nakubali. Ila haki ya kujua inakwenda pamoja na haki ya kuelezwa. Kupewa namba halafu ukaachwa uhangaike nayo peke yako saa nane za usiku, huko siyo kujua. Hiyo ni karatasi tu.

Na hofu hiyo haianguki mahali patupu. Mimi kwetu ni Matombo, nyuma ya mlima huu. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti, ardhi inafuata tumbo. Tangu unawekwa ndani uwali unajua kwamba ukoo unaendelea kupitia kwako. Ni heshima kubwa na ninaipenda, lakini ndiyo maana neno tasa huku linachoma hivyo. Mwanamke akikosa mtoto watu wanaona mlango umefungwa. Sasa mtu wa biashara akija akakukuta na mzigo huo tayari kichwani, akakuongezea namba, kazi yake imekwisha, utalipa tu.

Sisi tunaosoma ualimu kesho tutasimama mbele ya wasichana wa sekondari kuwafundisha somo la uzazi. Tukiishia kuchora ovari ubaoni na kuweka mishale, watakuja kufundishwa yaliyobaki na matangazo. Tuwafundishe na kuuliza: kipimo hiki kinapima nini, hakipimi nini, na nikishajua nitafanya nini? Ukikosa jibu la swali la tatu, tulia kwanza.

Yule dada bado yuko darasani, nashukuru. Kamwona daktari wa akina mama, wamekaa nusu saa, na alitoka na maelezo badala ya namba nyingine. Jumamosi tunapanda Morningside na wenzetu wa bweni, anayetaka aje na maji yake, bumu likiingia tutakula ndizi na nyama tukishuka.

Nawakilisha. Wenye mawazo tofauti karibuni, ila matusi peleka kwenu.