Kibaba si Pishi

Nusura nitie saini mkataba wa mkopo wa gari la umeme kwa sababu ya tarakimu moja. Nililinganisha magari mawili: BYD Atto 3, na MG ZS EV lenye betri kubwa. La kwanza liliandikiwa kilomita 480 kwa chaji moja, la pili 440. Nikajiambia, la kwanza litanifikisha Mombasa kutoka Nairobi bila kusimama!

Kumbe 480 ilipatikana kwa NEDC, kipimo cha zamani cha Ulaya chenye mwendo wa upole. 440 ilitokana na WLTP, kipimo kikali zaidi kilichoanza kutumika huko mwaka wa 2017. Kwa WLTP, Atto 3 hufika 420. Lililotangulia likawa nyuma.

Hakuna aliyedanganya. Sisi wanaisimu twajua kuwa neno moja laweza kubeba maana mbili. Mwalimu gani atasema alama 45 kati ya 100 zimeshinda 40 kati ya 50? Basi, walimu wenzangu nanyi wanafunzi, kabla ya kulinganisha tarakimu, tuulize kwanza: imepimwa kwa kibaba au kwa pishi?