Gitaa Lilikuwa la Nani?

Ndugu msomaji, wenyeji wa nyanda za juu za kusini wanaijua vyema tabia ya kiangazi. Mvua zikishakoma, mahindi yakaingia ghalani na kahawa ya Mbozi ikaanza kuvunwa, mkulima hushika fedha ambazo hakuziona tangu mwaka uliopita. Siku hizo ndizo za harusi, ndizo za kuezeka nyumba, na ndizo za dansi. Bendi za zamani zilizitambua siku hizo kama mvuvi anavyoitambua bamvua. Zilipakia vyombo vyao katika lori na kufuata njia ya mavuno, na kila mji uliokuwa na ukumbi, umeme au jenereta, na watu wenye fedha mfukoni, uliweza kuwa kituo cha usiku mmoja au mbili. Baridi kali ya Juni na Julai haikumzuia mtu; aliyevaa koti mlangoni alilivua mara tumba zilipoanza kulia.

Leo ningependa tuzungumze habari za bendi hizo. Hatukusudii kukumbushana raha tu, kwani raha kila mtu anaikumbuka kwa namna yake. Tunakusudia kuuliza swali la nyumbani, yaani swali la mke na watoto wa mpiga gitaa: kiangazi kilipokwisha na lori likarudi lilikotoka, baba alirudi na nini?

Tuanze na mji wa Tunduma, maana hapo ndipo milango miwili ya muziki inapotazamana. Tangu mwaka 2016 Tunduma imo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, nchi ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapita hapo, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, nayo inavuka mpaka papo hapo. Watu na mizigo hukaguliwa. Lakini mawimbi ya redio hayaonyeshi pasi. Basi mtu aliyekaa katika baa ya mpakani katika miaka ya 1970 aliweza kusikia dansi la Kitanzania upande mmoja, na upande wa pili akasikia kitu kingine kabisa, gitaa linalonguruma kama injini ya lori likipanda mlima. Huo ulikuwa muziki wa roki wa Wazambia.

Labda utauliza, roki na Zambia vilikutania wapi? Muziki huo ulizaliwa kwa watu weusi wa Marekani, ukavuka bahari hadi Uingereza, kisha ukarudi Afrika kwa njia ya sahani za santuri na redio. Katika miji ya machimbo ya shaba, vijana wenye mishahara na wenye kupenda mambo mapya waliupokea wakautia ladha ya kwao. Rais Kenneth Kaunda naye alitaka redio ya nchi yake ipige nyimbo za Wazambia wenyewe kwa sehemu iliyo kubwa kabisa, jambo lililowapa vijana hao nafasi. Bendi iliyopata sifa kuu iliitwa WITCH. Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, alipewa jina la Jagari kwa kufananishwa na Mwingereza Mick Jagger. Kadhalika alikuwapo Paul Ngozi, aliyefariki mwaka 1989, ambaye nyimbo zake zilizungumza mambo ya mtaani kwa lugha ya mtaani.

Upande wetu wa mpaka mambo yalikwenda njia nyingine. Mwezi Novemba mwaka 1969 wakuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Dar es Salaam, walipiga marufuku muziki wa soul katika madansi, wakiuona kuwa unawapotosha vijana. Watu wengi waliunga mkono, na wengine waliandika barua magazetini kupinga. Walakini kiu ya vijana haikukatika kwa amri. Mwaka 1970 bendi iliyoitwa Sunburst iliundwa Dar es Salaam, ikachanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika, ikaimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mwaka 1973 ilishinda mashindano ya bendi ya nchi nzima. Baadaye ikahamia Zambia, na huko, mwaka 1976, ikatoa santuri yake ndefu ya pekee, Ave Africa. Si muda mrefu baada ya hapo bendi ikavunjika.

Hebu tutafakari habari hiyo, ndugu msomaji. Bendi ilizaliwa pwani, ikashinda nyumbani, ikahamia nchi ya jirani, ikatoa kazi nzuri, kisha ikatawanyika. Kwa miaka 40 santuri ile ilitafutwa na wakusanyaji tu. Mwaka 2016 kampuni ya London iitwayo Strut iliitoa upya pamoja na nyimbo nyingine za bendi hiyo, na watu wa Ulaya na Marekani wakashangaa kwamba Tanzania iliwahi kuwa na roki ya namna ile. Vijana wengi wa Tunduma, mji ulio juu ya njia ile ile ya kwenda Zambia, hawajapata kulisikia hata jina la bendi hiyo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Bendi nyingi za dansi katika nchi yetu hazikuwa mali ya wapigaji. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; ndiyo iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na nyimbo zake zilisaidia kuzitangaza khanga na vitenge. Polisi, jeshi, shirika la bima na shirika la usafiri, wote walikuwa na bendi zao. Kwingine mwenye vyombo alikuwa mtu binafsi, aghalabu mwenye baa au ukumbi.

Mpango huo ulikuwa na wema wake, na haifai kuusahau. Gitaa la umeme, vipaza sauti na drams vilitoka nje, navyo vilihitaji fedha za kigeni, ambazo mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa adimu mno. Kijana wa kijijini asingeweza kuvinunua hata kama angelima maisha yake yote. Shirika lilivinunua, likamwajiri kijana huyo, likampa mshahara kila mwisho wa mwezi kama karani au fundi. Kwa mara ya kwanza mpiga tumba aliweza kumwambia mkwe wake kwamba ana kazi. Hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini kila chenye uso kina kisogo. Mpigaji aliyegombana na uongozi, au aliyeitwa na bendi nyingine kwa ahadi ya mshahara mzuri zaidi, aliondoka mikono mitupu. Gitaa lilibaki, jina la bendi lilibaki, na mara nyingi hata nyimbo alizozitunga zilibaki zikipigwa na wengine. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania, zikasikika kila pembe ya nchi, lakini kusikika hakukuwa sawa na kulipwa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Kazi hiyo ilifanyika Kenya, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, usifunguliwe hadi mwaka 1983. Kisha zikaja kanda, na kila mwenye kinasa sauti akawa na kiwanda chake sebuleni.

Mfano ulio wazi ni wa Marijani Rajabu. Nani asiyeijua sauti ile? Alivuma na Safari Trippers, akavuma zaidi na Dar International, na nyimbo zake zenye mafunzo ya maisha zilipendwa na wazee kwa vijana. Hata hivyo katika miaka yake ya mwisho hakuwa na bendi wala vyombo. Alikuwa akiuza kanda katika kibanda kidogo karibu na nyumbani kwake. Alifariki mwezi Machi mwaka 1995. Tafakari, ewe mzazi: nchi nzima iliimba nyimbo za mtu ambaye hakuwa na gitaa la kwake.

Tusidhani kuwa wenzetu wa ng'ambo walifaidi zaidi. Bei ya shaba ilipoanguka, nayo kanda za wizi zikazidi, roki ya Zambia ilififia. Jagari aliacha jukwaa akawa mwalimu, na baadaye akachimba vito. Yeye alijaliwa umri wa kuona siku ya pili: santuri za zamani zilitolewa upya ughaibuni, akaitwa tena kuimba, na mwaka 2023 WITCH ikatoa santuri mpya iitwayo Zango. Lakini wenzake wengi wa zamani walikuwa wamekwisha kufariki. Heshima iliyochelewa haina njia ya kuwafikia waliokwenda, isipokuwa iwafikie watoto wao.

Na hapo ndipo jambo hili linapoingia katika nyumba zetu. Wazazi wengi bado wanasema kwamba muziki ni uhuni, na mtoto akitaja gitaa anaambiwa afikirie jembe au ofisi. Hatukatai kwamba maisha ya baa yana mashimo yake: pombe hulipwa kabla ya mshahara, usiku huwa mrefu, na safari za kiangazi zimevunja ndoa zisizo chache. Mke aliyeachiwa fedha ya wiki mbili, na bendi ikakaa mikoani miezi mitatu, hahitaji kuhubiriwa juu ya hilo. Lakini tukipima kwa haki tutaona kwamba waliofilisika hawakuwa walevi tu. Wengi walikuwa watu wa nidhamu, waliofanya mazoezi kila siku, ila kazi yao haikuandikwa popote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo nao ni mali.

Tena siku hizi daftari lipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi kuwa mwenye kazi yake, nayo COSOTA imewekwa kusimamia jambo hilo. Sheria hiyo inailinda haki ya mtunzi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, nayo huenda kwa warithi kama shamba linavyokwenda. Chukua mfano wa Patrick Balisidya, kiongozi wa Afro 70, aliyefariki mwaka 2004. Kwa hesabu hiyo, haki katika tungo zake mwenyewe inafika mwaka 2054. Ni familia ngapi zinajua hesabu hiyo? Shamba la kahawa la marehemu baba wanandugu wataligombania hata mbele ya baraza la kata. Lakini nyimbo zake wanaziacha zipigwe na kila mtu, kwa kuwa hawakuambiwa kuwa nazo ni urithi.

Kwa hiyo, ewe kijana unayepiga muziki katika baa za Tunduma, Mlowo au Vwawa, shika mambo matatu. Kwanza, kabla hujapanda jukwaani kwa msimu mzima, andikiana na mwenye baa: siku ngapi, malipo gani, nani analipa usafiri, na chombo kikiharibika ni cha nani. Pili, kila wimbo unaoutunga uandike jina lako na tarehe, uusajili, na nakala aiweke mtu wa nyumbani mwenye akili timamu. Tatu, fedha ya kwanza ya kiangazi isiishie kwenye viatu na miwani. Nunua chombo chako mwenyewe, hata kikiwa kikuukuu. Mwenye gitaa lake akifukuzwa leo, kesho anapiga pengine.

Nawe mwenye baa, nimekuona ukijivunia spika zilizojaa ukuta mzima, na kijana mmoja mwenye kompyuta akipigia watu nyimbo za Lusaka, Lagos na Dar es Salaam. Ni rahisi, hilo hatubishi. Lakini mji ulio kati ya nchi mbili, unaopitiwa na malori usiku na mchana, usingekosa wasikilizaji wa bendi yake yenyewe. Jaribu Jumamosi moja kwa mwezi katika miezi ya mavuno. Toza kiingilio kidogo, walipe wapigaji kama mlivyoandikiana, na uone kama watu hawatakuja.

Na wewe mama au baba ambaye mtoto wako anagonga ndoo kutwa akidhani ni drams, usimnyang'anye ndoo. Mwulize anataka kupiga nini, kisha mfundishe kuandika hesabu. Akijua yote mawili, hutakuwa na haja ya kumwonea haya mbele ya majirani, wala wajukuu wako hawataambiwa kwamba babu yao alikuwa maarufu ilhali hawana hata kanda moja ya kuthibitisha. Na kama katika nyumba yako yumo mzee aliyewahi kupiga, mwulize leo hii nyimbo zake ni zipi, alizitunga mwaka gani na aliimba na nani, uyaandike yote kabla kiangazi hiki hakijakwisha.